Gari likigoma kuwaka: pima kwanza, nunua pampu ya mafuta baadaye

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya viwango vya dola na makato ya kutuma. Somo letu ni gari, na hasa pampu ya mafuta ya gari la zamani. Usishangae kumwona mhasibu anafundisha habari za pampu. Nikikaa na watu kupitia matumizi yao ya mwaka, mara nyingi mwezi ambao hawakutuma kitu nyumbani ni mwezi ambao gari liligoma.

Nianze na langu. Mwaka wangu wa pili hapa Carrollton nilikuwa na Honda Accord ya 1997. Mwezi wa nane, jua la Texas lile mnalolijua, nikiliacha nje mchana kutwa halafu nikitaka kuondoka, stata inapiga vizuri lakini injini haishiki. Jioni hewa ikipoa, linawaka kama halijawahi kuumwa. Nikalipeleka gereji. Wakaniambia pampu ya mafuta imekufa. Sikuuliza wamepimaje. Nikalipa dola 740, na hela hiyo ilikuwa ada ya chuo ya mdogo wangu. Siku ya nne, kwenye maegesho, jua kali, gari likagoma vilevile.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Mkongo, jirani pale tulipopanga. Nikamwambia, “Mzee, pampu ni mpya kabisa, nimeilipia juzi.” Akainama chini ya dashibodi upande wa dereva, akachomoa kiboksi kidogo, akakifungua na kunionyesha kwa tochi. Risasi iliyoshika miguu ya waya ilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. “Mwanangu, pompe haina kosa. Kosa iko hapa.” Kilikuwa ni rilei kuu ya mafuta. Jua likipasha joto, nyufa zinaachia, umeme haufiki kwenye pampu. Rilei mpya ilinigharimu dola 55. Baadaye nikaja kujua kwamba ugonjwa huo ni maarufu kwenye Honda za miaka ya 1990, na fundi yeyote mzoefu anaufahamu.

Kwa hiyo funzo la leo ni moja: usilipe pampu kabla ya kipimo. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulifuata.

1. Pampu iko wapi na inafanya nini

Magari ya zamani sana yenye kabureta yana pampu ndogo ya kimakenika iliyofungwa ubavuni mwa injini. Lakini gari ambalo wengi wetu tunaendesha, la kuanzia miaka ya 1990 kuja huku, lina pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi la mafuta. Ni mota ndogo. Inanyonya petroli kupitia chujio dogo la chini, inaisukuma kwenye bomba hadi mbele kwenye nozeli, kwa presha maalumu. Magari mengi ya namna hii yanataka presha ya kati ya psi 35 na 60; kila gari lina kipimo chake kwenye kitabu cha matengenezo.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, petroli iliyoizunguka pampu ndiyo inayoipoza. Ukizoea kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka, pampu inafanya kazi kwenye joto. La pili, pampu haijitegemei. Inategemea betri, fyuzi, rilei, waya na ethi. Kimoja kikikatika, pampu inanyamaza ingawa yenyewe ni nzima. Hapo ndipo watu wengi wanaponunua pampu wasiyoihitaji.

2. Dalili, na zinavyodanganya

Dalili za pampu inayochoka ni hizi: gari linachelewa kuwaka, linakosa nguvu ukipanda daraja au ukiingia barabara kuu, linazima likishapata moto halafu linawaka likipoa, unasikia mlio mkali wa kuvuma kutoka nyuma kwenye tangi, au stata inapiga lakini injini haishiki kabisa.

Sasa angalia jinsi zinavyodanganya. Kukosa nguvu kunaweza kuwa filta ya mafuta iliyoziba, au mfumo wa moshi ulioziba. Kuzima likipata moto kunaweza kuwa sensa ya krankishafti, ambayo nayo inapenda kufa ikiwa na joto. Kugoma kuwaka kunaweza kuwa plagi au koili. Na kama ukigeuza ufunguo stata haipigi kabisa, unasikia “tk tk tk” au kimya, hiyo sio pampu. Anza na betri, vichwa vya betri, kisha stata.

Dalili zinakuambia uanze kupima wapi tu. Usitoe hela kwa kuzitazama hizo peke yake.

3. Vipimo vitano, kuanzia cha bure

Vipange kwa gharama. Cha bure kwanza, cha hela mwisho. Ndivyo tunavyofanya hata kwenye ukaguzi wa hesabu.

*Kipimo cha kwanza: mafuta yapo?* Usicheke. Kwenye gari la zamani, geji ya mafuta inaweza kusema robo tangi kumbe ni tupu. Weka galoni mbili, jaribu tena. Tazama pia kama taa ya usalama ya ufunguo inawaka-waka kwenye dashibodi. Ufunguo usipotambuliwa, kuna magari yanayokata mafuta makusudi.

*Kipimo cha pili: sikiliza.* Fungua kifuniko cha kujazia mafuta, mwambie mwenzako aweke ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Kwenye magari mengi utasikia “zzzzz” ya sekunde mbili hivi halafu kimya. Ukiisikia, umeme unafika na mota inazunguka. Lakini wenye Toyota angalieni: Toyota nyingi za zamani hazilii mpaka stata ipigwe. Hapo sikiliza wakati mwenzako anapiga stata. Usikae na sigara karibu, na simu iweke mfukoni uelekeze masikio kwenye kazi.

*Kipimo cha tatu: fyuzi, rilei na swichi.* Fungua boksi la fyuzi. Mchoro uko nyuma ya kifuniko. Tazama fyuzi ya pampu kama waya wake wa ndani umekatika. Kisha rilei: mara nyingi rilei ya honi au ya feni ni ya aina ileile, yenye namba ileile juu yake. Zibadilishane. Honi ikigoma na gari likiwaka, umepata jibu bila kutumia senti. Wenye Honda za miaka ya 1990, kumbukeni kile kiboksi cha chini ya dashibodi. Wenye Ford za miaka ya 1980 hadi 2000 na kitu, kuna swichi ya usalama inayokata mafuta gari likigongwa. Hata kishindo cha shimo kubwa kinaweza kuifyatua. Inakuwa ndani ya buti au pembeni mwa miguu ya abiria, kutegemea modeli. Ina kitufe juu; kikiwa kimeruka, kibonyeze kirudi chini.

*Kipimo cha nne: umeme kwenye pampu.* Hapa unahitaji multimita ya bei ya chini. Chomoa soketi ya waya inayoingia kwenye pampu, upime wakati mwenzako anawasha ufunguo au anapiga stata. Ukipata volti karibu sawa na za betri, na ethi ni nzuri, na pampu iko kimya, basi pampu imekufa. Usipopata umeme, pampu haina kosa. Rudi kwenye waya na rilei. Ujanja mmoja: waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 ukiwa mtupu, lakini ukipewa kazi unazidiwa. Kwa hiyo ukiweza, pima pia soketi ikiwa imechomekwa. Volti zikishuka chini ya 10 pampu inapojaribu kuzunguka, shughulika na waya kwanza.

*Kipimo cha tano: presha.* Hiki ndicho hakimu wa mwisho. Huna haja ya kununua mita. Maduka kama AutoZone na O'Reilly yanaazimisha vifaa: unaweka amana, unatumia, unarudisha kikiwa kamili, unapata amana yako yote. Kwenye kaunta sema unataka kuazima “fuel pressure tester”. Tahadhari: amana inakaa kwenye kadi yako kama deni mpaka urudishe, kwa hiyo usiiweke siku ambayo kodi ya nyumba inakatwa.

Magari mengi ya GM na Ford yana sehemu ya kufungia mita kwenye bomba la mafuta juu ya injini, inafanana na mdomo wa tairi. Toyota nyingi hazina. Unahitaji kiunganishi cha ziada, kwa hiyo uliza kama kimo kwenye seti. Halafu soma hivi:

- Presha sifuri na umeme unafika: pampu.
- Presha ipo lakini chini ya kipimo: inaweza kuwa filta iliyoziba. Kama filta iko nje ya tangi, badilisha hiyo kwanza, ni rahisi mno kuliko pampu. Ikibaki chini, ni pampu au reguleta.
- Presha ni nzuri lakini inaanguka haraka ukizima: vali ndogo ndani ya pampu, reguleta, au nozeli inayovuja. Hii ndiyo inafanya gari lichelewe kuwaka asubuhi.
- Presha ni sahihi na inakaa: iache pampu. Tafuta kwenye plagi, koili au sensa.

Na ile mbinu ya kugonga tangi kwa nyundo ya mpira? Ni ya kweli. Gari likiwaka baada ya kugonga, mota ya pampu imechakaa ndani. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Usiende nayo kazini kesho ukasema imepona.

Kuhusu taa ya injini: maduka hayohayo ya spea yanasoma kodi za makosa bure kama gari linatembea. P0230 inahusu umeme wa pampu. P0087 inasema presha ni ndogo. P0171 inasema petroli ni kidogo kuliko hewa, lakini hiyo inaweza kuwa hata bomba la hewa lililopasuka. Kodi ya makosa haisemi “nunua pampu”. Na msiipuuze taa hiyo. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imeondoa ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida, lakini kaunti za Dallas, Denton, Collin, Tarrant na Harris bado zinadai kipimo cha moshi kwa magari ya petroli ya umri wa miaka 2 hadi 24. Taa ikiwaka, unafeli, na usajili unakwama.

4. Hesabu: gereji, mwenyewe, au gari jingine?

Tuweke mfano. Namba hizi ni za kufundishia. Weka za kwako. Dada anafanya kazi za ndani, analipwa dola 16 kwa saa, anatuma nyumbani dola 300 kila mwezi. Gereji ya kwanza inamwambia kwa simu: “Hiyo ni pampu, dola 850.” Gereji ya pili inasema: “Dola 120 kupima, halafu tutakwambia.”

Wengi tunaikimbia ya pili, tunaona 120 ni ya bure. Sasa piga hesabu. Kama kosa ni rilei ya dola 60, njia ya kwanza imemgharimu 850 na gari bado bovu. Njia ya pili ni 120 na 60, jumla 180. Tofauti ni 670, yaani zaidi ya miezi miwili ya kutuma. Na kama kweli ni pampu, amelipa 120 kujua, na gereji nyingi zinakubali kuikata kwenye bili ukitengeneza kwao. Uliza kabla. Hiyo 120 ni bima.

Ukiamua kufanya mwenyewe: pampu tuseme 180, filta 20, vifaa 40, jumla 240. Ongeza kodi ya mauzo, ambayo Carrollton ni asilimia 8.25, inafika kama 260. Lakini mhasibu haishii hapo. Ongeza siku yako. Ukikosa zamu ya saa nane, ni dola 128. Kwa hiyo kufanya mwenyewe ni karibu 388. Bado ni chini ya nusu ya 850, ila sio ile “dola 180 tu” uliyoambiwa na rafiki. Ukifanya Jumapili ambayo huna zamu, hesabu inakuwa nzuri zaidi.

Kuhusu bili ya gereji: omba makadirio kwa maandishi, spea peke yake na kazi peke yake. Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye kazi ya kutengeneza gari inapoandikwa peke yake. Kodi inakaa kwenye spea. Ukiona asilimia 8.25 imepigwa juu ya jumla yote, uliza kwa adabu. Na waombe wakurudishie pampu ya zamani. Fundi mwaminifu hana shida na hilo.

Swali la tatu: litengenezwe au liuzwe? Watu wanasema, “Gari lenyewe la dola 2,500, niweke 850?” Wengine wanasema, “Mwaka jana nimeweka tairi na breki, siwezi kuliacha.” Wote wawili wanahesabu vibaya. Hela ya tairi imeshakwenda, haihusiki. Na thamani ya gari sio kipimo kikuu. Jiulize hivi: kwa miezi kumi na miwili ijayo, njia ipi itanifikisha kazini kwa gharama ndogo? Gari la mkopo la dola 350 kwa mwezi na bima kamili juu yake, ni zaidi ya dola 4,200 kwa mwaka. Pampu ya 850 kwenye gari ambalo injini na giaboksi ni nzima bado ni nafuu sana. Lakini kama giaboksi inateleza na injini inakunywa oili, hata pampu ya 260 inaweza kuwa hela ya kutupa.

Usisahau njia ya kati wakati unatafuta jibu. Anayeishi karibu na vituo vya Downtown Carrollton au Trinity Mills anaweza kupanda treni ya kijani ya DART siku mbili tatu akapima gari bila pupa. Bahati mbaya Frisco na McKinney, ambako wengi wanafanya kazi za ndani na ujenzi, hazimo kwenye DART. Hapo panga mapema na mwenzako wa zamu mchangiane mafuta.

Tena msikilize: usiweke hati ya gari rehani kwenye vile vibanda vya mikopo ya haraka. Texas haijaweka ukomo wa ada wanazotoza, na ukishindwa wanachukua gari. Bora ukakope kwenye chama chenu, au uombe zamu ya ziada.

5. Kubadilisha: hatua kwa hatua

Kwanza jua gari lako liko kundi gani. Sedani nyingi za Toyota na Honda za mwisho wa miaka ya 1990 na za 2000 zina kifuniko chini ya kiti cha nyuma; unainua kiti, unafungua, pampu hiyo hapo. Hii inawezekana kwa mtu mwangalifu mwenye spana. Pikapu nyingi za Ford na Chevrolet zinadai ushushe tangi au unyanyue bodi ya nyuma. Hiyo ni kazi ya watu wawili wenye jeki nzuri, na kama hujawahi, mlipe fundi. Sio aibu.

Soma pia mkataba wako wa nyumba. Apartimenti nyingi zinakataza kutengeneza gari kwenye maegesho, na faini itakula ulichookoa.

Usalama, na hapa sifanyi mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ukitafuta moto. Fanya nje, sio ndani ya gereji yenye hita ya maji ya gesi. Hakuna sigara, hakuna taa ya balbu ya moto. Tumia tochi ya LED. Kizima moto cha petroli kiwe mkononi. Vaa miwani na glavu. Milango yote ya gari iwe wazi.

1. Punguza mafuta mpaka chini ya robo tangi. Galoni moja ina uzito wa karibu kilo 2.7, tangi la galoni 15 likijaa ni zaidi ya kilo 40 za mafuta peke yake.
2. Toa presha. Kama injini bado inawaka, chomoa fyuzi au rilei ya pampu, iwashe mpaka izime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache. Halafu chomoa waya hasi wa betri.
3. Safisha vumbi lote juu ya kifuniko kabla ya kufungua. Mchanga ukidondoka ndani, pampu mpya itakufa mapema.
4. Piga picha ya waya na mabomba. Chomoa taratibu, viungo vya plastiki vya zamani vinavunjika kwa haraka zako.
5. Fungua ringi ya kushikilia. Kama inahitaji kugongwa, tumia kipande cha shaba au mbao. Chuma kwa chuma kinatoa cheche.
6. Inua pampu kwa kuilaza kidogo, usipinde mkono wa boya la geji. Mwanga kwa tochi ndani ya tangi. Ukiona kutu au matope, tangi lisafishwe kwanza.
7. Weka ya zamani na mpya pamoja, zilinganishe: urefu, soketi, midomo ya mabomba. Tumia mpira wa kuziba mpya na chujio dogo jipya, kamwe usirudishe vya zamani.
8. Funga, unganisha, rudisha betri. Washa ufunguo ON mara tatu nne bila kupiga stata ili presha ijae. Chungulia, nusa. Pakilowa hata tone moja, zima, rekebisha. Pakiwa pakavu, piga stata.

Kwenye kununua: Denso inatengeneza kwa ajili ya Toyota na Honda nyingi, Motorcraft ni ya Ford, ACDelco ni ya GM, na Bosch inajulikana kote. Pampu ya mtandaoni ya bei ya kutupa yenye jina kubwa iogope, bandia ni nyingi. Ukiibadilisha mara mbili, umeilipa kazi mara mbili. Tunza risiti, na isome garantii: kawaida inakupa spea mpya, hailipi siku yako wala fundi wako.

Wale mnaofanya kazi kwa 1099 na kuzunguka kutoka saiti hadi saiti: risiti hiyo ni ya kutunza pia kwa kodi. Ukitumia kiwango cha maili cha IRS, ambacho kwa 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, matengenezo yameshahesabiwa humo, usiyadai tena. Wenye W-2 hawana dai hilo.

6. Mfuko wa gari

Baada ya ile dola 740 nilianza kitu kidogo. Kila Ijumaa, kabla ya kutuma popote, dola 15 zinaingia akaunti ya pembeni. Kwa mwaka ni dola 780. Sio nyingi, lakini zinalipa pampu moja, au kipimo na rilei na tairi mbili. Tangu hapo gari limegoma mara tatu na nyumbani hawajajua.

Wapo watakaosema dola 15 hizo zinamnyima mama. Nilifikiri hivyo pia. Lakini mama hapati shida na 15 pungufu anayoijua mapema. Anapata shida na mwezi mzima wa kimya ambao ada imeshatangazwa shuleni. Mpigie, mweleze kama mtu mzima: “Mama, gari ndiyo jembe langu huku.” Ataelewa. Yeye mwenyewe hajawahi kulima kwa jembe bovu.

Na ili mfuko ukae muda mrefu: tangi lisishuke chini ya robo, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa. Filta ya nje ibadilishwe kwa ratiba ya kitabu. Mlio mpya kutoka nyuma usiuzoee.

Zoezi la wiki

Chukua daftari, jibu haya gari likiwa bado zima:

- Fyuzi na rilei ya pampu kwenye gari langu ziko wapi? Fungua boksi uzione kwa macho.
- Pampu yangu inafikiwa chini ya kiti, au lazima tangi lishuke?
- Kipimo cha presha cha gari langu ni psi ngapi?
- Leo likigoma saa kumi na moja alfajiri, nani atanifikisha kazini, na nina dola ngapi pembeni?

Swali la mwisho likikosa jibu, anza na dola 15 Ijumaa hii. Somo lijalo tutaangalia bima ya gari: kipi cha kulipia na kipi cha kuacha kwenye gari la zamani. Kazi njema, na muendeshe salama.